Subaru ya turbo jijini Tanga: inachemsha, haivuti, inamisi. Tuanzie wapi?

Maelezo haya ni ya Forester SG5 yenye turbo na Impreza WRX ya umbo la GDA, zote za injini ya EJ20 ya lita 2, zinazotumika kila siku: asubuhi shule na kazini, Jumamosi Muheza, mara moja moja Lushoto. Ni magari ya miaka ya 2000 hadi 2007. Hata lililotunzwa kama yai lina mipira, soketi na plastiki zenye umri wa kijana wa kupiga kura.

Gerejini kuna hukumu mbili zinazotolewa upesi kuliko zote: "turbo imekufa" na "hedi gasketi imeenda" (yaani gasketi kati ya hedi na bloku ya injini haizibi tena). Zote zinawezekana. Lakini klipu iliyolegea nayo huleta dalili za turbo iliyokufa, na hewa iliyonasa kwenye maji huleta dalili za hedi gasketi. Kabla injini haijafunguliwa, mwambie fundi kwa upole: "Fundi, leo hatununui spea, tunapima tu. Muda wako nitaulipa." Fundi anayejua kazi yake hatanuna.

Vifaa ni vichache: multimita, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tochi, chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, na mita tatu za kamba ya katani. Kamba ina kazi yake mwishoni. Matoleo ya mwanzo ya soko la Japani hayaelewani na kila kifaa cha bei rahisi. Kikigoma kuunganika, tafuta kinachojua Subaru kabla hujaanza kuishuku kompyuta.

Inachemsha

Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Subaru ni mpole kupita kiasi. Hukaa katikati maji yakiwa digrii 80, na hukaa hapo hapo yakiwa 95. Ukiuona unapanda, umeshachelewa. Soma joto lenyewe kwenye kifaa: safarini litachezea 80 hadi 90 na kitu, kwenye foleni feni zinaingia karibu na 95, zinalishusha, zinazima. Likivuka 105 na bado linapanda, paki pembeni. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hilo halina mjadala.

Kisha jiulize inachemshia wapi.

Ikichemsha mjini, unapotambaa Ngamiani nyuma ya baiskeli na bajaji, halafu ikapoa ukishika barabara ya Muheza, hapo mshukiwa ni feni. Washa AC injini ikinguruma: feni zote mbili zizunguke. Moja ikilala, chomoa soketi yake uipe umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 20. Ikizunguka, mota ni nzima, tatizo ni rilei, fyuzi au waya. Badilishana rilei hiyo na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi la fyuzi uone kama ugonjwa unahama. Isipozunguka, mota imekwisha. Feni za mtumba hufungwa mara nyingine kinyume, plasi mahali pa mainasi. Kuzigundua ni rahisi: shika karatasi ya daftari mbele ya kondensa ya AC. Feni iliyo sawa inaivuta mpaka inanata. Karatasi ikisukumwa kuja kwako, feni inashindana na upepo wa mwendo. Hakikisha pia plastiki inayozunguka feni ipo. Ikiondolewa "ili injini ipumue", feni inavuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta ilivyo.

Ikichemsha kwenye mwendo au mlimani, kwa mfano ule mpando wa Mombo hadi Soni, na mjini iko poa, basi maji hayapiti vya kutosha au hewa haipiti kwenye rejeta. Anza na hewa, ni bure. Kati ya kondensa na rejeta hujaa tope, wadudu na manyoya ambavyo kwa mbele huvioni. Legeza rejeta, iegemeze nyuma, pitisha maji ya bomba kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Usitumie mashine ya presha kwa karibu, inalaza mapezi.

Ndani ya rejeta adui ni maji ya kisima. Ukanda wetu wa pwani una visima vyenye chumvi na chokaa, na rejeta inayojazwa maji hayo kila wiki inaota ukoko kama birika la mgahawa. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, sehemu kwa sehemu. Eneo lililopoa ghafla katikati ya lenye joto limeziba. Kuzibua kwa fundi rejeta kunasaidia zile za shaba. Hizi zetu ni za aluminiamu na vichwa vya plastiki, na plastiki ikishageuka kahawia itapasuka kwenye maungio wakati wowote, kwa hiyo badilisha nzima. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Mfumo mzima unachukua lita 7 hadi 8 kulingana na modeli. Dukani maji hayo huitwa maji ya betri, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo. Unga wa kuziba rejeta usiutie, na binzari ibaki kwenye mchuzi: kinachoziba tundu la rejeta kinaziba pia hita.

Themostati (valvu inayofungulia maji yakipata joto) wengi wanaitoa kabisa, eti Tanga ni joto. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi kwenye barabara ndefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli. Oili nayo haipati joto la kuutoa unyevu. Ipime badala ya kuitupa: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya digrii 76 na 80, na iwe wazi kabisa karibu na 91. Ya bandia mara nyingi hufunguka nusu tu, na nusu hiyo inatosha mjini, haitoshi Soni.

Umebadilisha kila kitu na bado inachemsha: hewa

Hapa ndipo Subaru nyingi huhukumiwa hedi gasketi bila kosa. Injini imelala, silinda mbili kila upande, na hewa hunasa kwenye hedi. Dalili: sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi ukiwasha, hita ya moto kisha baridi, joto linaruka digrii kumi kwa sekunde chache.

Nyanyua pua ya gari kwa jeki na stendi sentimita 20 hadi 30. Kwenye nyingi za turbo kuna tangi dogo la juu karibu na turbo, na lina kifuniko chake mbali na kile cha rejeta. Vifuniko hivi viwili havifanani kazi. Vikibadilishana mahali, presha haikai inavyotakiwa na utatafuta ugonjwa mwezi mzima. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta. Chomoa mpira wa juu upande wa rejeta, uinue, mimina kulanti ndani ya mpira wenyewe taratibu mpaka injini ishibe, kisha urudishe. Malizia kwa kujaza rejeta na tangi la juu, polepole, ukibinyabinya mipira kwa mkono. Skrubu ikianza kutoa maji bila mapovu, ifunge. Weka hita kwenye joto la mwisho, washa, subiri feni ziingie na kutoka mara mbili. Iache ipoe kabisa, ongeza. Chupa ya akiba iwe kati ya mistari miwili. Asubuhi mbili zinazofuata angalia tena, maana itakunywa kidogo.

Ikiwa baada ya hapo chupa ya akiba bado inajaa na kumwaga, na mapovu yanatoka ukipiga resi injini ikiwa ya moto, sasa ni halali kuishuku hedi gasketi. Usingoje oili iwe kama maziwa. Kwenye injini hizi gesi ya moto hupenya kwenye maji bila maji kugusa oili. Kipimo cha uhakika ni kile cha kimiminika cha buluu kinachowekwa mdomoni mwa tangi. Gesi ya silinda ikipita, kinageuka njano. Fanya injini ikiwa imepata moto sawasawa, ikiwezekana mara tu baada ya kupanda kilima, kwa sababu tundu dogo likiwa baridi hujificha.

Haivuti

Turbo iliyokufa kweli ina ushahidi. Fungua mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, ndivyo beringi yake inayoelea kwenye oili ilivyo. Kucheza mbele na nyuma usikuhisi. Panga zisiguse ukuta, na zisiwe na meno. Kama ziko salama, funga, nenda kwenye mipira.

Gari hili hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na chujio. Hewa ikishahesabiwa halafu ikavujia njiani, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Ndiyo maana moshi mweusi, harufu ya petroli na sauti ya "fsss" ukikanyaga huja pamoja. Sehemu zinazovuja: mpira wa chini ya intakula (kinachopoza hewa ya turbo) unaoelekea kwenye throtobodi (mlango wa hewa wa injini), maungio ya intakula na turbo, na ule mpira wenye mikunjo uliofichwa chini ya manifoldi. Huo wa mwisho uko kabla ya turbo, kwa hiyo wenyewe unavuta ndani hewa isiyohesabiwa; hulowa oili, ukalainika, ukachanika upande usioonekana, na kuufikia ni kazi ya nusu siku.

Badala ya kukisia, tengeneza kipimo. Duka la vifaa vya bomba litakupa kifuniko cha PVC kinacholingana na mpira wa kuingizia hewa. Toboa, pachika nozeli ya tairi, kaza kwa klipu. Ziba mipira ya kupumulia ya injini, la sivyo hewa itakimbilia kwenye kreki (shafti kuu ya injini) na kukupoteza. Pampu kwa presha ya 0.5 hadi 0.7 ya bar, usizidishe, kisha pulizia sabuni kila kiungo. Panapotoa povu pana kazi.

Mipira myembamba ya kudhibiti turbo nayo iangalie. Kati ya turbo na valvu yake ya umeme kuna mpira wenye kidonge kidogo cha chuma ndani chenye tundu kama la sindano. Fundi akibadilisha mpira huo akatupa wa zamani na kidonge chake, valvu ya kupunguza presha ya turbo inafunguka mapema na gari linakuwa zito siku zote. Mpira unaokwenda kwenye kopo la turbo linalosukuma valvu hiyo ukichomoka, inakuwa kinyume: presha inapanda bila breki, kompyuta inakata petroli, gari linashtuka kama limegonga ukuta. Usiendelee kulijaribu hivyo.

Mapambo yanayoleta ugonjwa: valvu ya "pshhh" inayotema hewa nje. Hewa hiyo ilishahesabiwa, kwa hiyo kila ukibadilisha gia injini inapata petroli nyingi, inakohoa, na ukisimama ghafla inaweza kuzima. Rudisha ya asili inayorejesha hewa ndani. Bomba la hewa la bei rahisi ambalo kipenyo chake mahali pa sensa ni kikubwa kuliko cha kiwandani nalo linadanganya hesabu, safari hii likipunguza petroli, na hilo ni baya zaidi kuliko kuzidisha. Chujio la kupakwa oili likipakwa sana linachafua waya wa sensa. Sensa husafishwa kwa dawa yake tu, haiguswi kwa kitambaa.

Sauti ya kugonga

Kuna sauti tatu, na bei zake zimepishana mbali.

Kugonga kwa baridi asubuhi kunakopotea ndani ya dakika chache mara nyingi ni pistoni kwenye silinda. EJ nyingi za umri huu zinafanya hivyo na zinaishi.

Mchakacho kama changarawe kwenye kopo, unaotokea ukikanyaga tu, hasa gia kubwa kwa mzunguko mdogo, ni petroli kujilipukia yenyewe kabla ya wakati. Magari ya turbo ya Japani yalipangwa kwa petroli ya premium ya kwao, na yetu ya vituoni kwa kawaida ina octane ya chini kuliko hiyo. Kompyuta hujitetea kwa kuchelewesha moto wa plagi, ndiyo maana mchana wa kaskazi gari linaonekana limechoka na usiku linachangamka. Shusha gia badala ya kulilazimisha na ya tano. Hakikisha sensa ya kugonga haijapasuka, kasoro ya kawaida kwenye EJ, inayoleta kodi (namba ya kosa inayosomwa kwenye kifaa) P0325 au P0327. Pima presha ya petroli: mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa, iwe karibu na bar 3. Na mtu asikuuzie kidhibiti cha kuongeza presha ya turbo kabla haya hayajakaa sawa, hata kama ekzosi tayari ni ya inchi tatu. Ekzosi pana peke yake huweza kupandisha presha kuliko kompyuta inavyotarajia.

Sauti ya tatu ni nzito, "do-do-do", injini ikiwa ya moto, inafuata mzunguko kati ya 2,000 na 3,000. Hiyo ni beringi za kreki. Zima hapo hapo na uite gari la kuvuta. Chanzo karibu kila mara ni oili kupungua bila mtu kujua. Injini hizi hunywa oili, na kati ya mstari wa chini na wa juu wa kijiti kuna lita 1 hivi. Pima kila wiki, mahali tambarare, dakika kumi baada ya kuzima, na usome pande zote mbili za kijiti. Badilisha kila kilomita 5,000 au kabla. Kwenye injini zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kwa oili), baadhi ya bolti zenye tundu zinazopeleka oili zina kichujio kidogo ndani. Ile ya njia ya turbo ikiziba, turbo inakufa kwa kiu hata kama oili imejaa. Ifungue iangaliwe kabla hujafunga turbo nyingine, vinginevyo ya pili itaifuata ya kwanza.

Inamisi, au haikai sailensa

Kumisi ni silinda kukosa kuwaka; sailensa ni mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Soma kodi. P0301 hadi P0304 zinataja silinda. Namba 1 na 3 ziko upande wa dereva, 2 na 4 upande wa abiria. Hamisha koili ya silinda inayolalamikiwa uipeleke nyingine. Kodi ikihama nayo, umepata. Isipohama, toa plagi. Ikiwa shimo lina oili, mipira ya kifuniko cha valvu imekwisha, na koili mpya nayo itakufa hapo. Uwazi wa plagi 0.7 hadi 0.8 ya milimita, kaza kwa Nm 20 hivi, injini ikiwa baridi. Kote kukiwa safi, pima kompresheni, throtoli ikiwa wazi na betri imejaa. Silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 kuliko wenzake, tatizo liko ndani.

Sailensa inayopanda na kushuka bila kodi yoyote huwa ni hewa inayoingia kinyemela au valvu ya sailensa iliyojaa masizi. Sabuni na dawa ya kusafishia vinatosha.

Mkanda wa taimingi

Kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, jibu ni sasa, pamoja na tenshena (kikaza mkanda), puli zake na pampu ya maji kwa mara moja. Mkwaruzo wa mbele ya injini unapowasha asubuhi ni tenshena inaomba msaada. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana.

Umeme na chumvi

Wanaopaki Raskazone, kando ya bahari, wanalijua hili. Taa zinafifia, stata inavuta kivivu, kodi za sensa zinakuja na kupotea: kabla ya kununua sensa, pima waya wa mainasi. Weka multimita kati ya mainasi ya betri na chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi 0.3 ya volti, safisha maungio kwa msasa, kaza, paka grisi. Alteneta itoe 13.8 hadi 14.5. Ukiwa chini ya gari na tochi, angalia paipu za breki na matao ya nyuma. Kutu huanzia ndani, rangi ikivimba nje chuma kimeshaliwa.

Inakaza kwenye kona kali

Ukigeuza gari kwenye uwanja wa kuegesha linajivuta kama umekanyaga breki. Wengi hukimbilia giaboksi. Sasa chukua kamba ya katani. Zungushia kila tairi katikati ya uso wake, weka alama, nyoosha kamba upime. Tairi zote nne zinavuta, na tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6. Ikizidi, kifaa cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi muda wote hata barabara iliyonyooka, kinapata moto, mwishowe kinaganda. Upepo usiolingana unaleta jambo hilo hilo, kwa hiyo jaza kwanza, pima baadaye. Tairi moja ikichanika na tatu zilizobaki zimeshalika, nunua nne, au tafuta ya mtumba ya aina ile ile iliyolika sawa na wenzake, na uizungushie kamba hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa.